Ukienda kituo cha vifaranga wa sato, uliza pia maji yanaishia wapi

Vituo vya kuzalisha vifaranga hupokea wageni: vya serikali kama Kingolwira (Morogoro), Ruhila (Songea) na Sagana (Kirinyaga, Kenya), na hata vya watu binafsi. Pitia kwa afisa uvuvi wa wilaya yako au pigia kituo simu mapema, useme mko wangapi na mnataka kuona nini. Kikundi kisizidi watu 15 kwa mtaalamu mmoja, maana wa nyuma hawaoni kitu.

Swali la kwanza liwe hili: mayai mnakusanya siku gani? Vituo vingi hukusanya kila baada ya siku 5 hadi 7. Ukienda siku nyingine utaishia kutazama maji ya kijani. Fika mapema, jua likiwa bado changa. Usiku kucha mimea na viumbe vya bwawani vimetumia oksijeni, kwa hiyo alfajiri ndipo bwawa lenye shida linapojulikana: samaki wanakuja juu kuhema, midomo wazi. Jua likishapanda, dalili hiyo inapotea na kila bwawa linaonekana zima.

Usivae viatu ulivyokanyagia shamba lako la samaki bila kuviosha. Langoni kanyaga kwenye maji ya dawa, nawa mikono, na usitumbukize mkono au chombo popote bila ruhusa. Ugonjwa husafiri kwa tope la kiatu na kwa nyavu zilizolowa.

Anzia kwa samaki wazazi. Kwa kawaida dume 1 huwekwa na majike 3 ndani ya kizimba cha neti laini kilichofungwa bwawani, ambacho wataalamu hukiita "hapa". Uliza wazazi walitoka wapi na hubadilishwa baada ya muda gani. Kituo kinachozalisha kwa wazazi walewale na watoto wao miaka nenda rudi kitakuuzia vifaranga wanaokua polepole, hata ukiwalisha chakula kizuri.

Kisha tazama uvunaji wa mayai, maana hapa ndipo safari inapolipa. Sato jike hulea mayai mdomoni. Mtaalamu humshika, humfungua mdomo kwa kidole na kumwinamisha kwenye beseni la maji, na mayai ya njano, kila moja na upana wa milimita 2 hadi 3, yanamwagika. Yaliyokaa siku kadhaa yana vidoa viwili vyeusi: ni macho. Meupe yamekufa, na yasipoondolewa huota ukungu kama pamba unaoshika mengine. Mayai hupangwa kwa umri, kila kundi na mtungi wake wenye kitako cha mviringo, maji yakiingia kutoka chini. Sogea uangalie mwendo wake: yanapaswa kubingirika taratibu, kama ndani ya mdomo wa mama. Maji yakisukuma kwa nguvu mayai yanapondeka. Yakilegea yanarundikana chini na kukosa hewa. Umeme au pampu ikisimama, kundi zima linaweza kufa, kwa hiyo uliza akiba yao ni nini.

Kwenye joto la nyuzi 27 au 28, mayai huanguliwa baada ya siku chache, na kifaranga huendelea kuishi kwa kiini alichobeba tumboni. Anapoanza kuogelea huru ndipo vituo vingi humpa chakula chenye homoni ya kiume, miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28, ili karibu wote wawe madume. Sababu ni kwamba majike huanza kuzaa wangali wadogo, bwawa likajaa samaki wasiokua. Vifaranga waliozidi milimita 14 wakichanganywa humo, homoni haiwashiki sawasawa, kwa hiyo uliza kama huwachuja kwanza. Anayechanganya chakula hicho avae glavu na barakoa.

Sasa omba kupelekwa mahali maji yanapotokea kituoni. Wageni wengi hawafiki hapo, nasi tunaona ndipo pa muhimu kuliko pote, maana samaki wanaweza kutorokea hapo. Ngege na mbiru ndio waliokuwa sato wa asili wa Ziwa Victoria. Kuanzia miaka ya 1950 wakapandikizwa sato wa Nile na sangara, na ngege wakatoweka karibu ziwa zima. Waliobaki wako katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli huko Siaya. Kwenye mito ya mashariki mwa Tanzania hatari ni nyingine: sato wa Nile akitoroka huzaana na perege wa asili, ambao ni jamii ya sato, na kizazi halisi kinapotea kimyakimya. Homoni haimalizi tatizo, maana majike wachache hubaki.

Kwa hiyo kagua mambo haya: bomba liwe na wavu wenye matundu madogo kuliko kifaranga mdogo kabisa, na usafishwe kila siku, kwani ukiziba maji hupita juu pamoja na samaki. Maji yapitie bwawa la kutulizia, ikiwezekana lenye matete, kabla ya kuingia mtoni. Ya matangi ya homoni hasa yasimwagwe moja kwa moja. Kingo zizidi kina cha mafuriko ya masika, wakati ambao samaki wengi hutoroka.

Ukinunua vifaranga, chagua waliolingana ukubwa, wanaogelea dhidi ya mkondo. Wawe hawajalishwa saa 24, ili wasichafue maji njiani. Mfuko uwe na maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili. Ukifika, acha mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20, kisha changanya maji kidogo kidogo ndipo uwaachie. Wakibaki, mpe jirani mwenye bwawa au warudishe kituoni. Usiwamwage mtoni.