Injini ya mtumba: usirudishe kipoza oili cha zamani

Wenye malori wa Lubumbashi, kama injini yako ilikufa kwa kula beringi, usikubali fundi afunge kipoza oili kilekile kwenye injini ya mtumba. Ndani yake hubaki unga wa chuma unaong'aa. Kuosha kwa petroli hakuutoi wote, na oili ikipata moto unga huo unaweza kutoka na kula beringi za injini uliyoinunua juzi. Turbo na mabomba yake vivyo hivyo.

Kabla ya kulipia injini ya mtumba, legeza nati yake ya kumwagia oili: maji yakitangulia kutoka, achana na injini hiyo.

Sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili kuvuja upande wa giaboksi) nayo ibadilishwe injini ikiwa bado chini, tafadhali. Injini ikishafungwa kwenye lori, ni kushusha giaboksi tena huku mzigo wa mpakani Kasumbalesa umelala.