Kusajili kamati ya mtaa Nairobi: anzeni na kumbukumbu za mkutano

Kamati yetu ya Huruma ilifanya kazi miaka mitatu bila cheti. Tulizibua mitaro, na baada ya mafuriko ya 2024 tukawasaidia akina mama mboga kusimamisha vibanda upya. Lakini kila tulipotafuta pesa za kupanua kazi hiyo, swali lilikuwa lile lile: mmesajiliwa?

Tangu 2022 kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii. Muwe watu kumi au zaidi, mchague viongozi, mwandike katiba, kisha mwende kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu. Msihangaike kuja mjini kati. Pitieni kwa chifu mapema mwombe barua ya kuwatambua, kwa sababu mtaulizwa.

Sasa kumbukumbu za mkutano. Hapa ndipo tulipopoteza wiki kadhaa, na ningependa kamati nyingine isiyapitie hayo.

Mara ya kwanza tulirudishwa kwa sababu tuliandika kwamba "tulijadili usajili". Kujadili si kuamua. Kumbukumbu ziseme wazi kwamba wanachama wameazimia kusajili kikundi, zitaje jina la kikundi, zionyeshe nani amechaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na ziwe na tarehe, mahali na saini. Jina hilo lilingane neno kwa neno na lile la katiba. Letu kwenye katiba lilikuwa na neno "Maendeleo"; kwenye kumbukumbu halikuwepo. Tukarudishwa mara ya pili.

Mara ya tatu ilikuwa orodha ya wanachama. Ofisa aliweka rula chini ya kila jina, nakala ya kitambulisho kando, akasoma tarakimu moja moja. Alifika kwa mweka hazina wetu akasimama. Sisi tunamwita Mama Brayo, na kwenye orodha tuliandika jina la mumewe, kumbe kitambulisho chake kina jina la babake. Ofisa alikuwa sahihi. Jina la kwenye orodha ndilo ambalo lingeenda benki, na benki ingetukataa baadaye, pesa zikiwa zimeshaahidiwa.

Kila kosa lilitugharimu wiki nzima, maana wengi wetu huondoka saa kumi alfajiri kwenda soko la Gikomba na hatuwezi kukutana ila Jumapili jioni. Kwa hiyo kusanyeni vitambulisho vyenyewe siku ya mkutano. Katibu anakili jina na nambari kutoka kwenye kadi, si kutoka kichwani, na mwenye kadi ahakikishe kabla ya kutia saini.

Katiba isiwe ya kunakili kutoka saiba. Someni pamoja vifungu vya pesa: nani anatoa, kwa saini ngapi, na mali itaenda wapi kikundi kikivunjika. Sisi tulibishana jioni nzima kuhusu toroli mbili na pampu ya maji, na nafurahi tulibishana mapema.

Ada ulizeni ofisini. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, nambari ya paybill 222222; usimpe mtu pesa mkononi, na uitunze risiti.

Mkipata cheti, ombeni PIN ya kikundi, yaani nambari ya ushuru, kwa KRA, mamlaka ya ushuru, kisha fungueni akaunti ya benki. Benki itataka kumbukumbu za mkutano mwingine, zikitaja watia saini na benki yenyewe. Fanyeni mkutano huo mapema. Wanaolenga Hazina ya Uwezo, mfuko wa serikali unaokopesha vikundi, wajue kwamba kikundi kinapaswa kuwa kimedumu angalau miezi sita, kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa inawasogeza mbali na mkopo.

Cheti hudumu miaka miwili, kisha huhuishwa. Sisi tumeandika tarehe ya mwisho ndani ya jalada la daftari la katibu, kwa kalamu nyekundu, na Mama Brayo ameshaanza kuweka akiba ya ada.