Kuomba chuo cha paramediki Marekani ukiwa na nia ya zimamoto: pa kukagua kabla hujalipa

Askari wa zimamoto wa Marekani hushughulika na wagonjwa kuliko moto. Takriban simu mbili katika kila tatu zinazofika kwenye vikosi ni za kitabibu: kifua kinabana, bibi kaanguka bafuni, mtoto anapumua kwa shida. Kwa sababu hiyo leseni ya paramediki (mhudumu wa dharura wa ngazi ya juu) hukupandisha juu kwenye orodha ya waombaji kazi, na vipo vikosi ambavyo bila leseni hiyo fomu yako haisomwi. Vyuo navyo vimelijua soko hilo, vimechipuka kama uyoga.

Yanayofuata ni kwa aliyekwisha kupata cheti cha EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya msingi. Kama huna, kamalize hicho kwanza; ni saa 150 hadi 200 hivi za masomo, na chuo chochote cha maana cha paramediki kitakidai. Vingine hudai pia miezi kadhaa ya kufanya kazi kwenye ambulensi.

Anza na kikosi, chuo baadaye

Chagua vikosi vitatu au vinne unavyovitaka, usome matangazo yao ya ajira hadi mstari wa mwisho. Utakuta aina tatu. Kuna vinavyotaka leseni siku ya kuomba. Kuna vinavyokupa pointi za ziada ukiwa nayo. Na kuna vinavyoajiri EMT kisha vinamsomesha vyenyewe huku mshahara unaingia. Kama kikosi unachokilenga ni cha aina ya tatu, usitoe dola yako hata moja, omba kazi. Soma tu mkataba vizuri, maana kwa kawaida ukiondoka kabla ya muda waliouweka, gharama ya masomo unairudisha.

Hapo hapo angalia sharti la uraia. Vikosi vingine vinataka raia, vingine vinaridhika na mwenye kibali cha kufanya kazi. Usilijue hilo baada ya mwaka mzima wa masomo. Mtihani wa nguvu wa CPAT (dakika 10 na sekunde 20, fulana ya pauni 50 mwilini) usiukimbilie mapema. Vikosi vingi huyakubali matokeo yake kwa muda mfupi tu, na utaulipia tena ukihitimu.

Ithibati: ya chuo si ya programu

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Tangu Januari 1, 2013, NREMT, ambao ndio wenye mtihani wa taifa, hawamkubali mtahiniwa wa paramediki isipokuwa programu aliyosoma ina ithibati ya CAAHEP, shirika linaloidhinisha programu za afya, au barua ya mapitio kutoka CoAEMSP, kamati yake inayokagua programu za paramediki. Ukimuuliza karani wa usajili kama wana ithibati, atakujibu "ndiyo" bila kupepesa macho, wala hadanganyi: chuo kizima kinayo. Programu ya paramediki inapata ya kwake peke yake. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa, uwanja wa mpira na maktaba ya ghorofa nne, na programu yake ya paramediki isiwemo kwenye orodha.

Kwa hiyo usimuulize karani. Fungua tovuti ya CAAHEP, tafuta kwa taaluma na jimbo, uhakikishe jina la programu na mji vinalingana na vya kwenye fomu yako. Kama utasomea kwenye tawi, au masomo ya nadharia ni ya mtandaoni, uliza kwa barua pepe kama tawi hilo limo ndani ya ithibati ileile, na kama wanaruhusiwa kukuweka mazoezini katika jimbo unaloishi. Jibu la simu halina thamani. La maandishi lihifadhi.

Barua ya mapitio si ithibati, ni hatua ya kuielekea. Mhitimu wake anaruhusiwa kufanya mtihani, lakini waulize lini wakaguzi wanakuja. Wakisitasita, tafuta kwingine.

Namba tatu, zisome pamoja

Kila programu yenye ithibati inatakiwa kutangaza namba tatu: wangapi wanamaliza, wangapi wanafaulu mtihani, wangapi wanapata kazi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni asilimia 70 kwa kila moja. Vyuo hupenda kuandika ya pili kwa herufi kubwa na kuzificha nyingine chini ya ukurasa. Piga hesabu mwenyewe. Wakiingia 24, wakamaliza 15, wakafaulu 14, tangazo litasema asilimia 93 wamefaulu. Ukihesabu kuanzia mlangoni ni 58. Wale tisa walioachwa njiani walikwisha kulipa.

Mazoezi ya kwenye gari ndiyo chuo chenyewe

Darasani, katika vyuo vingi, mambo hayapishani sana. Tofauti iko kwenye zamu za hospitali na hasa zamu za mwisho za kwenye gari, ambapo wewe ndiye unayeongoza tukio na mkufunzi wa zamu anakutazama. Kwa mfano, California inadai saa 480 za hatua hiyo na angalau wagonjwa 40 waliohitaji huduma ya kiwango cha juu.

Kinachoharibika ni hiki. Chuo kinasajili wanafunzi wengi kuliko wakufunzi wa zamu waliopo. Unamaliza nadharia Desemba, unaambiwa subiri nafasi, na nafasi inapatikana Mei. Katikati hapo dozi za dawa zimeyeyuka kichwani, tangazo la kazi ulilolilenga limefungwa, na mratibu wa mazoezi hajibu barua pepe. Waulize mambo haya kabla ya kulipa:

- Kundi lililopita lilikaa siku ngapi kati ya kumaliza darasa na zamu ya kwanza ya gari?
- Gari linajibu simu za 911, au linahamisha wagonjwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine? La pili litakufundisha kusukuma kitanda.
- Je, kuna zamu kwenye kikosi cha zimamoto chenyewe? Ukifanya vizuri hapo, watakaokusaili siku moja wanakuwa wameshakuona kazini.
- Mwanafunzi wa kawaida huingiza mrija wa hewa kwa binadamu hai mara ngapi? Nafasi za chumba cha upasuaji hugombaniwa, na wapo wanaohitimu wakiwa wamezoea midoli tu.

Jibu la "tunashirikiana na hospitali nyingi" si jibu. Omba majina ya hospitali na vikosi vyenye mkataba nao mwaka huu.

Makaratasi ya waliosoma Kenya au Tanzania

Cheti cha kidato cha nne hakitapokelewa kikiwa kitupu. Utahitaji tathmini kutoka wakala aliye mwanachama wa NACES, umoja wa wakala wanaotathmini vyeti vya nje, na wengi wao wanataka matokeo yatoke KNEC au NECTA moja kwa moja, siyo nakala ya kwenye kabati lako. Kwa KNEC maombi hupitia mfumo wake wa mtandaoni, QMIS. Anzisha hili kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ofisi tatu zinasubiriana na hakuna hata moja yenye haraka.

Kisha vipimo vya afya ambavyo chuo kitavidai, kwanza kifua kikuu. Wengi wetu tulichomwa BCG utotoni, na kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha kuwa umeambukizwa hata kama huna kitu. Utatumwa eksirei, fomu itasimama, na muuguzi atakutazama kwa jicho la pembeni. Omba tangu mwanzo kipimo cha damu cha IGRA. Hicho hakibabaishwi na BCG. Kadi ya chanjo ikiwa imepotea, pima kinga ya surua na tetekuwanga kwenye damu badala ya kurudia sindano zote. Chanjo ya homa ya ini B ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo usiianze wiki ya kufungua chuo. Ipo aina ya dozi mbili kwa mwezi mmoja, iulizie.

Ada, na isiyoitwa ada

Chuo cha jamii ukiwa mkazi wa jimbo kwa kawaida ni nafuu kuliko cha binafsi, tena mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, na kupata ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Programu fupi za binafsi mara nyingi hazimo kwenye msaada huo hata zikiwa na ithibati, kwa hiyo uliza waziwazi. Juu ya ada weka sare, vitabu, akaunti ya kurekodi mazoezi, uchunguzi wa rekodi za polisi, kipimo cha dawa za kulevya, na mtihani wa NREMT wenyewe unaozidi dola 150. Sera ya kurudishiwa pesa isome kabla ya kusaini. Tarehe ya mwisho mara nyingi huwa mapema kuliko siku utakayogundua kwamba huwezi kuendelea.

Mtihani wa kuingia haupaswi kukutisha. Ni kusoma na hesabu za dozi, ikiwemo kugeuza pauni kuwa kilo kwa kugawa kwa 2.2. Kama tayari unafanya zamu ya saa 24 kazini na 48 nyumbani, tafuta chuo kinachorudia somo lilelile kwa siku tofauti za wiki. Vinginevyo utakosa somo moja kati ya kila matatu, na saa za nadharia hazisamehewi.

Baada ya kuhitimu

Vituo vya vitendo vya NREMT, ambapo mtahiniwa alionyesha ujuzi wake kwa mikono, viliondolewa katikati ya 2024. Sasa mtihani wa paramediki ni wa kompyuta. Chuo kinachojisifu kwa "maandalizi ya vituo" kinauza bidhaa iliyokwisha muda. Ukianguka mara tatu unarudia mafunzo ya kujikumbusha, na ukianguka mara sita unaanza kozi upya. Ukifaulu, cheti cha taifa bado si leseni: unaomba kwa jimbo, pamoja na alama za vidole. Omba katika jimbo lilipo lile jina la kwanza kwenye orodha yako ya vikosi, hata kama umesomea jimbo jirani.