Namna ya kutafuta kiota cha Bombus transversalis kwenye sakafu ya msitu wa Amazoni

Nyuki wa jenasi ya Bombus, wale wanene wenye manyoya, wengi wao ni wa nchi za baridi na wa milimani. Afrika kusini mwa Sahara hawapo kwa asili, kwa hiyo usimchanganye na yule mweusi anayetoboa boriti za nyumba. Bombus transversalis ameenda kinyume na ndugu zake: anaishi kwenye joto na mvua za bonde la Amazoni. Kiota chake hakimo shimoni wala mtini. Kipo juu ya ardhi, kimefunikwa majani makavu, na ni rahisi kukikanyaga. Nilishakikanyaga kimoja, ndiyo maana sasa natembea nikiangalia chini.

Hatua ya 1: Chagua eneo
Achana na sehemu zinazofurika mto unapojaa. Tafuta msitu wa nchi kavu, uanze na palipoinuka kidogo na kwenye mashina ya miti.

Hatua ya 2: Sikiliza maua
Penye uwazi unaoingiza jua, kagua maua ya jamii ya mtunguja na nyanya. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, hulikumbatia ua, akalitetemesha kwa misuli ya mbawa mpaka chavua imwagike. Mvumo hupanda ghafla, ukatulia, ukapanda tena. Ukiusikia, ujue wapo. Usijisumbue kumkimbiza akiruka, utaambulia miiba tu.

Hatua ya 3: Tafuta njia yao
Hapa usiwe na haraka. Vibarua hawa husafisha vijia vinavyotoka kiotani, na huvipita kwa miguu ingawa wana mbawa. Utaona ukanda mwembamba wa udongo mtupu katikati ya majani yaliyooza. Wengi hudhani ni njia ya chungu wakata-majani, na mimi hukosea mpaka leo. Chuchumaa mbali kidogo, utazame dakika kadhaa. Chungu huenda kwa msururu, wamebeba vipande vya majani mabichi kichwani kama miavuli. Nyuki ni wachache, na vitu vyao ni vikavu: kibarua hukata jani au uzi wa mzizi kwa taya, akaupitisha chini ya tumbo na kuusukuma nyuma kwa miguu. Kwa hiyo hukipa kiota mgongo. Takataka zinakoelekea ndiko nyumbani.

Hatua ya 4: Itambue kuba
Mwisho wa kijia kuna kichuguu cha majani. Lundo lililokusanywa na upepo huonekana limelegea ukilitazama. Hili limebana, kwa kuwa vipande vya majani vimesukwa pamoja na nyuzi za mizizi. Mvua huteleza juu yake na ndani hubaki pakavu. Usilifukue ili kuthibitisha. Humo hamna masega yaliyopangwa kama ya nyuki wa asali, bali mafungu ya nta yenye mabuu, na vijungu vya asali na chavua. Ukiondoa paa, mvua ya alasiri itamalizia uharibifu wako.

Hatua ya 5: Kaa mbali, au rudi usiku
Mchana simama mita kadhaa kutoka kwenye kuba, na usizibe kijia. Usitingishe ardhi wala usipumulie kiota. Hawa ni wakali, na mwiba wao hauna vishikizo vya kuunasa kwenye ngozi, hivyo nyuki mmoja hudunga mara nyingi. Suruali nyembamba haisaidii kitu. Mwenye mzio wa nyuki asiende kabisa.

Kupima kimo cha kuba au kuweka alama kunafaa giza likiingia, wengi wakiwa ndani. Tumia taa nyekundu, kwani macho ya nyuki hayaioni vizuri rangi hiyo. Funga utepe kwenye mti wa jirani, si juu ya kiota, kisha uondoke kwa njia uliyojia.