Wakili Amekuangusha: Jinsi ya Kumwajibisha Bila Kupoteza Kesi Yako

Mteja anayegundua kwamba wakili wake ameacha muda wa rufaa upite ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, kabla ya kumshtaki mtu yeyote, okoa kesi kwanza. Mahakama nyingi hupokea ombi la kuongezewa muda, au la kurejesha shauri lililofutwa kwa kutohudhuria, mradi liletwe upesi na kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. Wiki mbili za kugombana na wakili kwa simu utakuja kuulizwa na jaji. Tafuta wakili mwingine asiyehusiana na ofisi ya kwanza, na ombi lifunguliwe. Hilo litakusaidia pia baadaye, kwa sababu ukidai fidia utaulizwa ulifanya nini kupunguza hasara.

Wakati huohuo dai jalada lako kwa barua yenye tarehe. Taja unachotaka: hati zote za shauri, vielelezo, barua, mkataba wa ada na mchanganuo wa fedha ulizolipa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Sehemu nyingi wakili anayedai ada anaruhusiwa kushikilia jalada hadi alipwe. Usikwame hapo. Nenda masjala ya mahakama na namba ya shauri, omba kulikagua jalada la mahakama, kisha lipia nakala zilizothibitishwa. Soma mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyofanyika mahakamani, ukurasa kwa ukurasa: nani alihudhuria, tarehe gani, aliomba nini, hati ipi iliingia lini. Humo ndimo mteja aliyeambiwa miezi kadhaa kwamba "kesi imeahirishwa" hukuta ilishafutwa zamani.

Sasa amua lalamiko lako ni la aina gani, maana kila aina ina mlango wake, na wengi hupoteza mwaka mzima wakibisha mlango usio wao.

Ikiwa ugomvi ni juu ya ukubwa wa ada, kuna utaratibu wa ankara kupitiwa na afisa wa mahakama au chombo cha usuluhishi. Ikiwa wakili amekula fedha zako, amekudanganya, amewatumikia wewe na mpinzani wako kwa pamoja, au amekutelekeza, hilo ni suala la maadili: nenda kwenye chombo cha nidhamu cha mawakili. Chombo hicho kinaweza kumkaripia, kumsimamisha au kumwondoa kwenye orodha ya mawakili, lakini kwa kawaida hakikulipi hasara yako yote. Kwa fedha zilizoibwa, uliza kama kuna mfuko wa kufidia wateja.

Hasara iliyotokana na uzembe hudaiwa mahakamani, na hapa ndipo pagumu. Kushindwa kesi peke yake si uzembe. Lazima uthibitishe kwamba alikuwa wakili wako, kwamba alifanya chini ya kiwango cha wakili makini, kwamba kosa hilo ndilo lililokuletea hasara, na hasara yenyewe ni kiasi gani. Madai mengi hufia kwenye jambo la tatu. Unatakiwa kuendesha kesi ndani ya kesi: kuonyesha kwamba ile ya kwanza, kama ingeendeshwa vizuri, ungeshinda au ungekuwa na nafasi ya kweli ya kushinda. Na kama ulikuwa ukimdai mtu asiye na mali yoyote, utaulizwa ungekamata nini hata kama ungepata hukumu. Jibu maswali haya kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri.

Angalia na ukomo wa muda, yaani muda ambao ukipita huwezi tena kumdai wakili mahakamani. Uingereza kwa kawaida ni miaka 6. California ni mwaka 1 tangu ugundue kosa au miaka 4 tangu litendeke, ule unaotangulia kuisha. New York ni miaka 3. Uliza wa kwako siku ya kwanza, tena usidhani kwamba malalamiko ya nidhamu yanausimamisha.

Lalamiko lenyewe liwe fupi, kwa mfuatano wa tarehe, kila tarehe na kielelezo chake. "Wakili huyu ni tapeli" haimsaidii mchunguzi. Andika hivi: "Tarehe 4 Machi nilimkabidhi fedha za kulipia nyumba (kielelezo A, risiti). Tarehe 20 Machi muuzaji aliandika kwamba hajalipwa (kielelezo B). Nilimwandikia wakili tarehe 22 na 29, hajajibu (kielelezo C)." Fedha za mteja zinatakiwa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na fedha za ofisi, kwa hiyo toa namba ya akaunti uliyolipia. Ikiwa ni akaunti yake binafsi, sema hivyo waziwazi.

Mitego ni miwili hasa. Wakili akishaona barua atataka akurudishie kiasi kidogo ili utie saini kwamba humdai tena. Usisaini kabla wakili mwingine hajaisoma karatasi hiyo. Pia usimwanike mtandaoni. Atakugeuzia kesi ya kashfa, na siri za shauri lako utakuwa umezitoa mwenyewe kwa mpinzani wako.