Miunganisho ya Hifadhidata Inapokwisha: Pa Kuanzia Uchunguzi

Programu inapoanza kusuasua na kulalamika kwamba miunganisho ya hifadhidata imekwisha, wengi hukimbilia kuongeza kikomo cha seva. Nakusihi usifanye hivyo kabla ya kujua ni nani anayeishikilia iliyopo. Katika mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato unaojitegemea wenye kumbukumbu yake, hivyo seva iliyokwisha kulemewa huzidi kudhoofika inapoongezewa michakato mingine ya kugombea prosesa zilezile.

Anza na hesabu. Kikomo cha awali cha PostgreSQL ni miunganisho 100, na 3 kati yake hutengewa msimamizi mkuu. Ikiwa programu yako inaendeshwa kwa nakala 8, kila moja ikiwa na akiba (pool) ya miunganisho 20 inayoazimwa na kurudishwa, zinaweza kudai 160, na upungufu huo hautaonekana hadi siku ya msongamano.

Kisha soma pg_stat_activity, orodha ya seva inayoonyesha kila muunganisho unafanya nini, wakati tatizo likiendelea, si baada ya kuiwasha seva upya, kwani ushahidi utakuwa umefutika. Safu ya state ndiyo itakayokuelekeza. Miunganisho mingi ikiwa active (inatekeleza hoja), kiini ni hoja nzito au kufuli, yaani data iliyoshikiliwa na muunganisho mwingine. Tazama wait_event, safu inayoonyesha kinachosubiriwa, kisha ichunguze hoja iliyodumu zaidi kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hatua za hoja na muda wake, ukikumbuka kwamba amri hiyo huitekeleza hoja kwa kweli, hata ikiwa ni ya kufuta data.

Hali ninayoihofia zaidi ni idle in transaction. Hapo programu imefungua muamala (kundi la amri zinazothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja), ikaenda kusubiri jambo jingine, mara nyingi jibu la huduma ya nje, huku kufuli zote ilizochukua zikiwazuia wengine, ilhali prosesa ya seva inaonekana imetulia kabisa. Tangu toleo la 9.6, mpangilio wa idle_in_transaction_session_timeout huweza kuikata miamala ya namna hiyo, lakini dawa hasa imo katika msimbo: pata kwanza jibu la nje, ndipo ufungue muamala.

Miunganisho mingi ikiwa idle tu (haina kazi wala muamala), na bado programu inadai haipati muunganisho, shuku msimbo ulioazima muunganisho kutoka kwenye akiba bila kuurudisha. HikariCP, maktaba ya Java ya kusimamia akiba ya miunganisho, ambayo kwa kawaida husubiri sekunde 30 kabla ya kutoa hitilafu, ina mpangilio wa leakDetectionThreshold unaoandika mahali hasa muunganisho ulipoazimwa. Rekebisha hapo, kisha upime upya kabla ya kugusa kikomo chochote.