Somo: Fedha za Shule Huanza Kupangwa Wakati wa Mavuno

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, somo hili mimi mhazini wenu nimeliandaa kwa ajili ya kaya zinazoishi kwa kilimo na biashara ndogo huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako mahindi huvunwa kati ya Juni na Agosti, mvua za kupandia huanza Novemba, na shule hufunguliwa Januari. Fedha zetu huingia katikati ya mwaka, ilhali mbolea, sikukuu na shule hutudai kwa pamoja mwishoni mwa mwaka, wakati mavuno yamekwisha kuuzwa. Mimi mwenyewe, Januari moja, nilikopa shilingi 200,000 za kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kwa mwezi mmoja nikarudisha 260,000. Zile 60,000 za riba zingemvalisha mwanangu viatu na sweta, na uchungu wake ndio ulionifanya nianze kupanga kama ninavyoeleza hapa.

Hatua ya kwanza: orodha ya kila mtoto, mwezi Julai

Mpe kila mtoto ukurasa wake kwenye daftari. Kabla hujaandika chochote, mvalishe sare yake ya sasa na usimame naye nje penye mwanga: angalia mikono ya sweta imeishia wapi, kama pindo la sketi bado lina kitambaa cha kushusha, na kama soli ya kiatu inaweza kushonwa tena. Vitu vingi tunavyonunua kwa haraka mwezi Januari vingeweza kurekebishwa na fundi kwa gharama ndogo.

Mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba anahitaji uangalifu wa pekee. Mtihani hufanyika Septemba, lakini shule aliyopangiwa hujulikana Desemba, na fomu ya kujiunga ikifika unabaki na majuma machache tu. Usisubiri fomu hiyo. Madaftari, viatu vyeusi, ndoo, shuka, na godoro ikiwa atapangiwa bweni, vitahitajika shule yoyote iwayo. Sare peke yake ndiyo ya kusubiri, kwa sababu rangi hutofautiana.

Hatua ya pili: gawa jumla kwa miezi

Tuchukue mfano wa kaya yenye watoto watatu. Anayekwenda kidato cha kwanza amekadiriwa shilingi 290,000, wa darasa la tano 85,000, na anayeanza la kwanza 75,000. Jumla ni 450,000. Ukianza Julai na kumaliza Desemba, utatenga 75,000 kila mwezi. Ukianza Oktoba, itakubidi utenge 150,000 kila mwezi, tena katika kipindi kile kile cha kununua mbolea ya kupandia.

Hatua ya tatu: magunia ya shule

Hapa ndipo kaya ya mkulima ina nguvu kuliko inavyodhani, na ndipo tunapopoteza zaidi. Mara nyingi bei ya mahindi huwa chini wakati kila mtu anavuna na hupanda kadiri ghala zinavyopungua, lakini sisi huuza karibu yote Julai, kisha Februari tunanunua debe kwa bei ya juu. Tenga magunia ya shule siku ile ile ya kupukuchua, uyaandike majina ya watoto kwa kalamu ya wino mzito, na wote nyumbani wajue kwamba hayaguswi kwa harusi wala kwa mgeni.

Yahifadhi yakiwa makavu kabisa. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yakishakauka, tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, na funga kila nailoni peke yake kwa kuisokota na kuikunja. Dumuzi, wale wadudu watobozi wa mahindi, hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Usiuze yote kwa mkupuo, kwa kuwa bei inaweza pia kushuka. Uza sehemu Oktoba na sehemu Desemba, kwa gunia la kawaida, si lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Hatua ya nne: nunua kabla ya msongamano

Peleka kitambaa cha sare kwa fundi mwezi Oktoba, isipokuwa cha mtoto anayesubiri kupangiwa shule. Madaftari tununue kwa pamoja kwa bei ya jumla, kisha tugawane. Ninapendekeza pia kwamba kikundi kivunje mzunguko, yaani tugawane fedha zetu za hisa, mwishoni mwa Novemba badala ya wiki ya Krismasi, kwani fedha za hisa zikitoka karibu na sikukuu huliwa na sikukuu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama mhazini. Mimi ni mamalishe, sina shamba wala mshahara. Nitatengaje 75,000 kwa mwezi?*

Marahaba, mwanangu. Wewe usihesabu kwa mwezi, hesabu kwa siku. Ukifanya kazi siku 26 na kuweka 3,000 kwenye kibubu kila jioni, kabla ya kununua mahitaji ya kesho, utapata 78,000. Kila Jumamosi fungua kibubu ununue hisa kwenye kikundi, ili fedha zisikae karibu na mkono.

*Serikali ilikwisha kufuta ada. Kwa nini bado tunapiga hesabu kubwa namna hii?*

Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita nacho kikaingizwa. Lakini ada ya sekondari ilikuwa 20,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, yaani sehemu ndogo ya mzigo. Sare, madaftari, nauli na godoro vilibaki kwa mzazi. Kwa michango, hudhuria vikao vya wazazi, kwa kuwa ndiko mahali pa kuhoji kiasi, na kila ulipapo dai stakabadhi.

*Marehemu kaka yangu ameacha mtoto, naye ameletwa kwangu Septemba. Mpango wangu umevurugika.*

Pole sana, ndugu yangu. Mpe ukurasa wake kwenye daftari kama wenzake, kisha itisha kikao cha ukoo mapema, ukiwa na orodha mkononi. Ndugu wakiambiwa "tusaidieni" hutoa pole. Wakionyeshwa kwamba shangazi atanunua viatu na baba mdogo godoro, huwa vigumu kukataa. Mfuko wa jamii wa kikundi nao upo kwa ajili ya hali kama hii.

*Januari ikifika na fedha hazijatosha, nifanye nini?*

Nenda kwa mkuu wa shule kabla ya siku ya kufungua, mweleze ulichonacho na tarehe utakayokamilisha. Mtoto aripoti na madaftari machache na sare moja. Nyingine itashonwa Machi. Ukilazimika kukopa, anza na kikundi, na ukope kiasi kilichopungua tu, si orodha nzima.